Jibu: Nimehitimu sanaa za maonyesho, CV yangu haijibiwi

Habari ndugu. Umesema umemaliza TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, umerudi Moshi, na kwa miezi mitano umepeleka CV ya kurasa nne kwenye hoteli na mashirika ya Arusha, simu kimya. Nimepita humo humo, pole sana.

Kwanza angalia ukurasa wa kwanza. Wangu ulijaa dini, hali ya ndoa, shule ya msingi. Mchezo niliouongoza ulikuwa ukurasa wa tatu. Nani atafika huko? Pandisha kazi juu, elimu ishuke. Na hiyo "nimeshiriki maigizo mbalimbali" ifute kabisa. Taja mchezo, mwaka, ukumbi, na mikono yako ilifanya nini. Mimi nilifuta "mwigizaji" nikaandika "niliigiza, nikashona maleba (mavazi ya jukwaani) ya watu 9, nikapiga ngoma". Meneja wa hoteli moja Arusha akanipigia wiki ileile. Alikuwa anatafuta mpiga ngoma!

Tengeneza CV mbili. Ya jukwaani iwe na urefu wako, lugha, ngoma unazopiga, picha ya uso na kiungo cha video ya dakika mbili. Ya ofisini ioneshe kwamba kupanga mazoezi ya watu 15 na kutunza bajeti ya onyesho ni usimamizi.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma PDF, ile ya Word hupanguka kwenye simu. Wadhamini uliowataja kwenye CV wapigie kwanza. Wangu mmoja alikuwa ameshabadili namba.

Kazi za ualimu sijawahi kuomba, walio kwenye ualimu watakusaidia. Weka hapa ukurasa wa kwanza, ficha namba yako, nitaupitia leo usiku.