Axel Weber: kutoka Bundesbank hadi UBS

Je, Axel Weber alitoka Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani, akaenda moja kwa moja kuwa mtendaji mkuu wa UBS, benki kubwa ya Uswisi? Hapana, hakuhama moja kwa moja, na kule UBS hakuwa mtendaji mkuu. Hapo ndipo wengi huchanganya.

Weber ni mchumi wa fedha. Alifundisha vyuo vikuu vya Bonn, Frankfurt na Köln, na tangu 2002 alikuwa kwenye baraza la wachumi wanaoishauri serikali ya Ujerumani. Aprili 2004 akawa rais wa Bundesbank, nafasi iliyompa kura kwenye baraza la Benki Kuu ya Ulaya. Wakati huo hakuwa na uzoefu wa kuendesha benki ya biashara.

Mambo yaliharibika Mei 2010, Benki Kuu ya Ulaya ilipoanza kununua hatifungani za serikali zilizolemewa na madeni. Aliupinga uamuzi huo hadharani, kwa hoja kwamba benki kuu isizibebe serikali. Alikuwa akitajwa sana kumrithi Jean-Claude Trichet, rais wa Benki Kuu ya Ulaya wakati huo, lakini mtu anayepinga sera kuu ya baraza angeliongozaje? Februari 2011 akatangaza kung'atuka, mwaka mmoja kabla ya muhula wake wa miaka 8 kuisha. Jens Weidmann, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akachukua kiti.

Akaenda kufundisha Chicago. Mei 2012 akawa mwenyekiti wa bodi ya UBS, hadi Aprili 2022. Mwenyekiti husimamia, haendeshi. Shughuli za kila siku kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho zilikuwa chini ya mtendaji mkuu, Sergio Ermotti.