Wiki mbili za kujitolea na watoto wadogo: niliyoyaona mimi

Mleta uzi, umeuliza ujiandae vipi na ubebe zawadi gani, maana una wiki mbili za likizo na unataka kujitolea kituo cha yatima, upande wa watoto wa chini ya miaka 3. Nilikaa chumba cha umri huo miezi 7. Zawadi ziache kwanza.

Siku ya kwanza nilipofungua mlango watoto wanne walinivamia. Mmoja kaning'ang'ania mguu, mwingine kanyoosha mikono abebwe, na hakuna aliyewahi kuniona. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa: watoto wananipenda! Mlezi wa zamu, mama mtu mzima, alinyamaza. Wiki moja baadaye, tukikunja nepi, akaniambia, "Mwanangu, wa umri huu akimwona mgeni hujificha nyuma ya mamaye. Hawa hawana wa kujificha nyuma yake." Nilinuna, sikatai.

Kumbe jambo lenyewe limeshachunguzwa. Romania, nchi iliyojaza watoto vituoni enzi za dikteta Ceaușescu, aliyeangushwa 1989, watafiti walianza mwaka 2000 kufuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu yao walipewa familia za kuwalea. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 hivi ndio walioweza zaidi kushikamana na mlezi mmoja kama mtoto yeyote. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 nao unataka wadogo, hasa wa chini ya miaka 3, walelewe ndani ya familia.

Sasa hesabu mwenyewe: kila wiki mbili anakuja mtu mpya, anabeba, anabembeleza, anaaga.

Mimi niliyekaa miezi 7 sikusalimika. Kulikuwa na mtoto mmoja nikimwogesha na kumlisha kila siku. Mwezi wa tatu akaanza kuficha kiatu changu kila nikigusa mkoba. Kimoja tu, cha kushoto. Tulicheka sana. Siku ya mwisho nilikitafuta karibu nusu saa, nikakikuta chini kabisa ya kapu la nepi chafu, na yeye kasimama pembeni ananitazama, hacheki. Nilikivaa nikaondoka. Mlezi aliniambia baadaye kwamba kwa siku kadhaa alilishwa kwa mbinde.

Kwa hiyo usiende kubeba watoto. Omba kufua, kuosha vyombo, kupaka rangi kuta, kupanga mafaili. Nguo zilikuwa zinammaliza yule mama. Siku nilizofua mimi, ndizo alizokaa chini na mtoto mapajani bila haraka. Ukibaki na hela ya zawadi, uliza kama wana mpango wa kuwarudisha watoto kwa ndugu. Wengi wanaoitwa yatima vituoni wana mzazi aliye hai, shida ni umaskini, na nauli ya mama kuja kumwona mwanawe ina kazi kuliko midoli yako.

Halafu tazama wanavyokupokea. Kituo kikikukabidhi watoto siku hiyo hiyo, bila kuuliza wewe ni nani wala kutaka barua ya wadhamini, jua na mwingine yeyote anaingia hivyo hivyo. Geuza. Ukishaongea nao, rudi hapa utuambie walikuomba karatasi gani.