Maswali na majibu: Kesi za City Hall, nani analipa?

Barua nyingi za juma hili zinahusu pesa ambazo Kaunti ya Nairobi inalipa kumaliza kesi, na wanasiasa wanaong'ang'ania kuishika City Hall, makao makuu ya kaunti hiyo. Maswali nimeyafupisha. Matusi nimeyaacha nje, ingawa mengine yalikuwa na ufundi.

Kaunti inapatana na walioishtaki nje ya korti, kisha sisi tunaongezewa ada za leseni. Nani aliwapa ruhusa? (Mama mwenye duka, Umoja)

Katiba yenyewe, mama. Kifungu cha 159 kinahimiza mizozo imalizwe kwa mapatano pale inapowezekana, na mara nyingine ni nafuu kwetu. Wakili akishakabidhi bili yake na mwezi ukapita bila kulipwa, kanuni za ada za mawakili zinamruhusu kudai riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Bili ya Sh100 milioni inazaa Sh14 milioni kila mwaka hata kama hakuna aliyekanyaga kortini.

Mimi sina ugomvi na mapatano. Ugomvi wangu ni sahihi zinazotiwa bila mtu wa nje kuona hesabu. Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti mamlaka ya kumwita mtu yeyote atoe ushahidi. Muulize diwani wako ni lini kamati yake ilimwita mwanasheria wa kaunti aeleze ni kesi gani zimemalizwa, kwa kiasi gani, na kwa ushauri wa nani. Ukitaka kuona karatasi mwenyewe, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Kesi moja, wakili mmoja, mamilioni ya pesa. Hesabu hiyo inatoka wapi? (Kijana wa Pipeline)

Inatokana na thamani ya kinachogombaniwa. Ploti ya Upper Hill ikiwa ya mamia ya mamilioni, ada ya wakili inapanda nayo, awe ameandika kurasa kumi au elfu. Kukiwa na ubishi, naibu msajili wa Mahakama Kuu ndiye anayeikadiria, na bili ambayo mteja hakutuma mtu wa kuipinga hupita kwa urahisi. Sheria ya Mawakili inaruhusu mteja na wakili kuandikiana ada mapema, mradi isishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Ndiyo maana hasira yangu haianzii kwa wakili. Inaanzia kwa afisa aliyetoa faili bila maandishi hayo, kisha akahamishwa idara na hakuna aliyemuuliza.

Mimi nikishindwa kulipa, madalali wanabeba hadi kochi. Mbona hawabebi magari ya kaunti? (Msomaji, Kayole)

Sheria inawakataza. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali kinazuia mali ya serikali kukamatwa, na kinga hiyo inazihusu kaunti pia. Aliyeshinda huchukua hati ya deni kortini, kisha huomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika alipe. Asipolipa, anaweza kufungwa kwa kudharau korti. Afisa akishaanza kunusa jela, mapatano huharakishwa, na kitu kinachoharakishwa City Hall sote tunajua huwa na bei gani.

Si turudishe jiji kwa Serikali Kuu tumalize kelele? (Msomaji, South B)

Tumejaribu, kaka, tena zaidi ya mara moja. Mwaka 1983 serikali ya Rais Moi ililivunja baraza la jiji ikaweka tume, na madiwani hawakurudi hadi uchaguzi wa 1992. Vijana hawakuiona hiyo, lakini ya pili waliiona: Februari 2020 Gavana Mike Sonko alitia sahihi Ikulu kukabidhi afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji, ikazaliwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), idara ya Serikali Kuu ya kuendesha kazi hizo, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Kazi ilionekana, siwezi kuikana. Lakini soma Kifungu cha 187: kazi ikihamishwa, wajibu wa kikatiba unabaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo na Katiba. Hivyo aliyekuwa akiamua alikaa kwingine, na wa kujibu akabaki kuwa kaunti. NMS ikafungwa 2022. Madeni ya kaunti yamepita mikononi mwa magavana Kidero, Sonko, Kananu na sasa Sakaja, yakazidi Sh100 bilioni, na mengine ni ya enzi za baraza, kabla ya 2013.

Na hiyo Serikali Kuu unayoitamani ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi wa Kenya Power, kampuni ya umeme. Februari 2025 kampuni hiyo na kaunti walikuwa wakidaiana mabilioni, huyu bili za stima, yule ada za kupitisha nyaya, hadi taka zikamwagwa mlangoni pa Stima Plaza, makao ya Kenya Power. Pesa za umma zikipigana na pesa za umma, mlipa kodi akishika pua.

Madiwani wakimtimua gavana, kesi zitaisha? (Msomaji, Kasarani)

Hapana. Sonko alitimuliwa Desemba 2020 na madeni hayakupungua. Septemba 2025 madiwani walipomtishia Sakaja, vilio vikubwa vilikuwa pesa za wadi na basari, si bili za mawakili. Kisha viongozi wa kitaifa wakaingilia na mambo yakapoa. Bunge linalomtisha gavana kwa ajili ya mgao wake haliwezi kumkagua sawasawa.

Kanjo (askari wa kaunti) walinibebea mzigo wa nguo, hawakuurudisha. Nidai au niache? (Mchuuzi, karibu na Muthurwa)

Dai, dada, na usichelewe: madai ya hasara ya aina hiyo dhidi ya mamlaka ya umma yana kikomo cha miezi 12. Tunza risiti za ununuzi, andika tarehe na mahali, tafuta waliokuwepo, kisha umwone wakili. Ukishinda, utaingia kwenye foleni ileile ya hati na amri niliyomweleza msomaji wa Kayole. Kwa hiyo wakikuita mpatane kwa kiasi kinachokaribia thamani ya mzigo, sikiliza, ila pesa ziingie kwanza ndipo uondoe kesi.