Kabla ya kuandika "wish", jaribu "laiti"

Nilipoanza kazi ya mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni Mikindani, nilimuaga bibi mmoja wa Kizungu kwa sentensi niliyoiandaa tangu alfajiri: "I wish you enjoyed your stay." Akatua begi chini. Akaniuliza kwa upole kwani nimemwonaje, mbona amefurahi sana? Mimi nilikusudia "natumaini umefurahia". Yeye alisikia "laiti ungefurahia".

Shuleni tuliambiwa "hope" ni kutumaini na "wish" ni kutamani, basi. Hapo kwenye kutamani ndipo tunapopotea. Mtu anaweza kutamani kwenda Masasi kesho, na kesho akaenda kweli. Lakini "wish" ikifuatwa na sentensi kamili, mara nyingi ndani yake kuna laiti: jambo halipo, au halikuwa. Ndiyo maana kitenzi kinarudi nyuma hatua moja. Sina shamba la mikorosho, nasema "I wish I had a cashew farm." Hiyo "had" si ya jana, ni ya leo hii. Msimu uliopita sikupulizia salfa, maua yakaliwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga: "I wish I had sprayed the trees." Kiswahili chetu nacho kinabadilisha kitenzi vilevile, laiti ningekuwa nalo, laiti ningalipulizia. Kumbe jambo lenyewe tunalijua tangu utotoni.

"Hope" ni ya jambo ambalo bado linawezekana. Korosho ziko ghalani zinasubiri mnada: "I hope we get a good price." Mnada ni wiki ijayo, lakini "get" inabaki ya wakati uliopo, na ni sahihi kabisa.

Vijana wanaoniletea barua zao za kazi niwasomee huandika "I wish you will consider my application." Inaniuma, maana wengi wana sifa zote. Andika "I hope you will consider." Wala usikimbilie "I wish you would", kwa sababu hiyo ina lawama, kama unamsema mtu asiyetaka kukusikiliza.

"Wish" ikifuatwa na mtu kisha jina la kitu, laiti haimo tena, ni kumtakia mtu heri. Yule bibi alipokuwa anapanda bajaji nilimkimbilia nikamwambia, "I wish you a safe journey." Akacheka, akanishika mkono.