Tojo ni kovu la namna gani?

*Katika hadithi ya zamani nimekuta "mzee mwenye matojo usoni". Je, alikuwa na ugonjwa wa ngozi?*

Hapana. Tojo ni alama inayobaki baada ya ngozi kukatwa kwa makusudi, iwe kwa urembo, kwa kutambulisha jamaa au kwa kutia dawa. Kitenzi chake ni kutoja. Mzee huyo alitojwa, na msimulizi alitaka tulijue hilo. Ukibadilisha hapo ukaweka "makovu", msomaji atawaza ajali au vita ambavyo havikuwapo. Ndiyo maana nalitetea neno hili, japo limechakaa.

*Basi tojo na chale vina tofauti gani?*

Ndogo mno. Chale ndiyo iliyoenea: mtu huchanjwa chale, hupigwa chale. Kovu ndilo pana, maana moto, jipu na upasuaji vyote huacha kovu. Kila tojo ni kovu, ila si kila kovu ni tojo.

*Mwalimu wetu alisema nembo nayo ni alama ya mwilini. Mimi naijua ya serikali na ya kampuni tu.*

Mwalimu wenu amesema kweli, nami nafurahi kwamba bado kuna wanaolifundisha hilo. Nembo ni alama ya kuchanjwa mwilini, hasa ile inayoonyesha mtu ni wa kabila gani. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huziita dinembo: mistari na pembe zilizochanjwa usoni, kifuani, hata mgongoni, kisha zikasuguliwa weusi wa mkaa ili zikolee. Aliyezijua alimtazama mgeni akamtambua kabla hajasalimiwa. Nembo ya taifa kwenye barua au sarafu inafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo maana mpya haikulipotosha neno.

*Na vishimo vya ndui usoni, ni matojo?*

Siyo, hakuna aliyevikata. Sema makovu ya ndui. Ugonjwa wenyewe ulitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa umetokomezwa mwaka 1980, kwa hiyo nyuso hizo sasa ni za wazee wachache. Lakini alama ya chanjo begani ina undugu na tojo: chanjo imetokana na kuchanja, kitenzi kilekile cha chale.