Unaanza kazi duka la midoli? Jifunze kuuliza umri na kupima betri

Duka la midoli linatofautiana na maduka mengi ya Kariakoo kwa jambo moja: anayelipa siye atakayetumia. Muuza viatu ana mguu wa mteja mbele yake wa kupimia. Wewe una mama mwenye haraka na pesa mkononi, na mtoto mwenyewe yuko nyumbani Mbagala. Ni juu yako kujua kama kitu hicho kitamfaa, kitawaka, na hakitamdhuru. Kwa hiyo anza kujifunza maswali. Bei utazishika tu, hata usipojitahidi.

Swali la kwanza baada ya salamu ni umri. "Shikamoo mama, karibu. Mtoto ana miaka mingapi?" Akikujibu "bado mdogo" au "yuko chekechea", usiishie hapo, maana wa chekechea anaweza kuwa na miaka 3 na anaweza kuwa na 6. Akiwa chini ya miaka 3, ulizia na miezi. Swali la pili wauzaji wengi hawaliulizi: nyumbani kuna mdogo wake? Tofali ndogo za kujengea zinamfaa kabisa mtoto wa miaka 7, lakini anayetambaa ndiye atakayeziokota chini ya kochi. Kisha uliza atachezea wapi. Wanaoishi chumba na sebule hawana pa kuendeshea gari la kupanda, na baada ya mwezi litakuwa pa kuwekea nguo. Bajeti iache mwisho, na iulize kwa upole: "Tuangalie za kiasi gani?" Ukianza na bajeti, mteja anadhani unampima mfuko.

Kwenye maboksi mengi kuna duara jekundu lenye mstari, uso wa mtoto, na namba 0-3. Alama hiyo haizungumzii akili ya mtoto. Inasema humo ndani kuna kipande kinachoweza kumziba koo mtoto aliye chini ya miaka 3. Utamsikia mzazi akisema "wangu ana miaka miwili lakini ni mjanja sana." Mweleze bila kumkwaza kwamba ujanja haupanui koo. Kipimo cha wataalamu ni kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7: kipande kikizama chote humo bila kukandamizwa, hakimfai mtoto wa umri huo. Dukani tumia kiini cha karatasi ya chooni. Upana wake ni kama sentimita 4, kwa hiyo kinakataa vipande vingi kuliko kipimo chenyewe, na hilo ni jema. Kiweke chini ya kaunta. Vuta macho na pua za wanasesere wa manyoya kwa vidole, maana wa bei ya chini macho yao hubandikwa kwa gundi badala ya kushonewa. Geuza vigari vidogo ujaribu kuchomoa gurudumu. Maputo nayo yana umri wake: mtoto wa chini ya miaka 8 asiachiwe puto lisilopulizwa wala vipande vya lililopasuka, kwa sababu mpira ule ukimganda kooni ni vigumu sana kuutoa.

Vitu vitatu vinahitaji ukali zaidi. Betri za kifungo, hasa CR2032 yenye upana wa milimita 20, mtoto akiimeza na ikamkwama kwenye umio huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Kwa hiyo mdoli wowote wa betri hizo ambao kifuniko chake hakina skrubu, usiuze. Sumaku ndogo zenye nguvu ni hatari zikimezwa mbili au zaidi, kwa kuwa hushikana zikiwa sehemu tofauti za utumbo na kuutoboa. Vile vijipira vya jeli vinavyovimba ndani ya maji huendelea kuvimba tumboni pia. Bosi akikuambia vinauzika sana, mwambie viuzike kwa wakubwa wanaopamba vyungu vya maua.

Sasa betri za kawaida. Sehemu kubwa ya malalamiko ya "mmeniuzia kibovu" ni betri dhaifu tu. Soma ubavuni: R6 ni betri ya saizi ya AA ya bei ya chini, inatosha saa ya ukutani. LR6 ni alkalaini, na hiyo ndiyo inayofaa kitu chenye mota. Za AAA ni R03 na LR03. Vigari vinavyoambatana na betri za majaribio ndani ya boksi huwa na za aina ile dhaifu, na zimekaa kwenye kontena na stoo miezi kadhaa. Mwambie mteja mapema. Usichanganye mpya na kuukuu kwenye kifaa kimoja, maana ile iliyochoka hufikia kuvuja na ule unga mweupe unakula vishikizo vya chuma. Jaribu kila kitu cha betri mbele ya mteja, pande zote: mbele, nyuma, kushoto, kulia, taa, sauti. Angalia pia kikaratasi cha plastiki kinachochungulia kwenye kifuniko cha betri. Kisipovutwa, hakuna kitakachowaka.

Mteja akinunua vigari viwili vya rimoti kwa ajili ya ndugu wawili, angalia masafa ya mawimbi ya rimoti. Viwili vya MHz 27 vitagongana: rimoti moja itaendesha vyote na watoto watapigana. Mpe kimoja cha 27 na kingine cha 49, au vyote vya GHz 2.4, ambavyo kila kimoja hujifunga na rimoti yake.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye magari ya kupanda, yale ya betri. Yana faida nzuri, na yanarudishwa kuliko kitu kingine chochote dukani. Yanakuja vipande vipande, na kuunganisha moja ni nusu saa hadi saa nzima kwa bisibisi ya nyota na spana iliyomo kwenye boksi. Anza na magurudumu. Mawili ya nyuma yana mikato kwa ndani inayoshikana na giaboksi ya mota, ya mbele hayana. Ukiyabadilisha, mota italia na gari halitatoka. Mpangilio ni giaboksi, gurudumu, washa (kile kipete bapa cha chuma), nati, kisha kifuniko. Nati isikazwe hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Kwenye usukani, unganisha kwanza waya wa honi, ndipo upitishe skrubu ndefu. Mwisho inua kiti: waya mmoja wa betri mara nyingi huachwa haujachomekwa kiwandani ili betri isiishe njiani. Mteja anayepelekewa boksi lililofungwa na bodaboda bila kuambiwa habari ya waya huo atakupigia simu usiku huohuo.

Kabla halijatoka, pima betri kwa mita ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.7 hivi. Ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Ya volti 6 iliyojaa husoma kama 6.4. Lakini usiiamini namba hiyo peke yake. Betri ya madini ya risasi, kama hizi, ikikaa stoo muda mrefu bila chaji, sahani zake hushika salfeti, yaani ukoko unaozuia chaji. Mita itakuonyesha 12.6 ya kupendeza, kisha mtoto akikaa volti zinaporomoka na gari linasimama. Basi weka mzigo: mfuko wa mchele wa kilo 20 kwenye kiti, endesha kwa rimoti, huku mita ikiwa kwenye nyaya. Ukiona inashuka chini ya 11 mara tu gari linapoondoka, betri hiyo ibadilishwe kabla ya kuuzwa.

Maelekezo ya chaji yaandike kwa mkono kwenye karatasi, usiyaseme tu. Mara ya kwanza ichajiwe kwa muda wa saa 8 hadi 12, na umeme ukikatika katikati, muda huo usihesabiwe. Gari lisiendeshwe likiwa kwenye chaji. Mtoto akimaliza kucheza, swichi izimwe na betri ichajiwe, isisubiriwe hadi ife kabisa. Mwambie pia kwamba watoto wawili kwenye kiti cha mmoja, au mchanga wa ufukweni, hukata fyuzi. Nyingi za magari haya hujirudisha zenyewe zikipoa, kwa hiyo asubiri dakika kumi kabla ya kumwita fundi.

Kuhusu watoto wanaoingia dukani na wazazi wao: usimpe mtoto kitu mkononi kabla mzazi hajakubali kwa kichwa au kwa neno. Wapo wauzaji wanaofanya hivyo makusudi, kwa sababu mtoto akishashika hataki kuachia na mzazi atalipa kwa aibu. Atalipa mara hiyo, na hatarudi. Weka sampuli mbili tatu ngumu kwenye rafu ya chini ili watoto wachezee hizo, na vyenye boksi laini viwe rafu ya juu.

Mzigo ukifika, hesabu kabla ya kusaini. Ubavuni mwa katoni kuna QTY, yaani idadi ya vipande. Fungua na uhesabu, hasa katoni za mchanganyiko, kwa kuwa katika dazeni ya wanasesere yule anayetakiwa na kila mtu anaweza kuwa mmoja au wawili tu. Andika kwenye daftari ni wangapi wa kila aina. Vigari vidogo na stika ndivyo vinavyoibiwa, vikae karibu na kaunta.

Bei ina mazungumzo, hilo hukwepi. Mwombe bosi akupe bei ya mwisho ya kila bidhaa kwa maandishi, na hakikisha tayari ina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kama duka limesajiliwa, usije ukapunguza hadi ukagusa kodi. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, itoke kila mara. Mteja wa zawadi akitaka ufungiwe, karatasi ya sentimita 50 kwa 70 inatosha boksi la 30 kwa 20 kwa 10: kuzunguka ni 60, ongeza 3 za kupishana, na kila ncha uache sentimita 7 hivi za kukunja.

Desemba na siku za kuelekea Idi utasimama tangu asubuhi hadi usiku, kwa hiyo maneno ya ajira yamalize kabla. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima. Uliza pia mapema nani anabeba kitu kikivunjika au kikipotea. Mwajiri hawezi kukukata mshahara kwa hasara kimyakimya. Lazima akueleze kwa maandishi na akupe nafasi ya kujitetea.

Januari duka likitulia, magari ya kupanda yaliyobaki yachajiwe yote, yachomolewe nyaya za betri, na tarehe ya chaji iandikwe kwenye boksi kwa kalamu ya wino mzito. Rudia kila mwezi. Mawili kwa siku yanawezekana kwa chaja mbili, ukianza unapofungua duka.