Ruzuku ya mbolea ya tumbaku: kabla hujasema mzee kaibiwa, omba karatasi ya makato

Mkuu, umesema mzee wako wa Kaliua kaambiwa ruzuku ya mbolea imeshalipwa na yeye hajashika hata mia, unauliza kama kapigwa. Inawezekana kapigwa, inawezekana hajapigwa, mi nimelima tumbaku ya mvuke Urambo misimu saba na hiyo kitu ilinikuta.

Kwanza usilinganishe na wa mahindi. Wa mahindi anaenda kwa wakala na namba yake ya usajili anauziwa kwa bei ya ruzuku pale pale, ndo ile iliyozinduliwa Mbeya Nane Nane ya 2022, DAP na urea zikashuka mpaka 70,000 mfuko wa kilo 50 wakati zilishapita laki na ishirini. Sisi NPK, mbolea ya kupandia tumbaku, hatununui dukani, chama cha msingi cha ushirika kinaagiza kwa pamoja kwa mkopo wa benki, mbolea inashushwa godauni unasaini unabeba, deni unakuja kukatwa siku ya masoko, tumbaku inapouzwa. Kwa hiyo kwenye chama chetu ruzuku ilikuja nyuma nyuma, tumbaku imeshauzwa na tumeshakatwa bei kamili, afu ndo tunasikia eti kuna marejesho.

Mi nilichukua NPK mifuko 8 na mbolea ya CAN mifuko 3. Wenzangu wanasema wameona kitu, mi sina. Nikaenda kwa karani nikamwambia sitaki maelezo nataka kuona orodha, akazungusha wee, siku ya tatu akafungua daftari. Jina langu lipo ila limeandikwa mawili tu, na pale chamani kuna jamaa tunafanana majina hayo mawili, tofauti ni la babu. Mifuko yangu 8 imesomeka kwake, na yeye alikuwa na deni la msimu wa nyuma kwa hiyo ruzuku yangu ikaenda kufyeka deni lake! Jamaa wala alikuwa hajui, tulicheka ila mi nilicheka kwa uchungu.

Sasa mzee atafute vitu hivi: ile karatasi aliyosaini siku anachukua mbolea (kama aliitupa kazi ipo), karatasi ya malipo ya kila soko inayoonyesha kilo na makato, na namba yake ya usajili wa ruzuku, aangalie majina matatu yanafanana kote na namba ya simu ni yake, wazee wengi waliandikishiwa namba za watoto wao ambao siku hizi wako Dar. Kama ana deni la nyuma ajue huenda wamefyekea huko, hapo aulize kama mkutano mkuu ulipitisha au viongozi walijiamulia wenyewe. Na kuna dhamana ya pamoja, wachache wakitorosha tumbaku kwa walanguzi deni lao linawarudia waliobaki, hilo mi naliona la kinyonyaji kabisa ila lipo.

Wakigoma kuonyesha orodha aende kwa afisa ushirika wa wilaya na hizo karatasi mkononi, asiende na mdomo tu.

Mimi walinirekebishia msimu uliofuata kwa kupunguza deni la mbolea mpya. Hela yenyewe sikuishika.